Kiti cha Saba

Iko nchi moja, wala msiniulize iko upande gani wa ramani, maana ramani yake ilipelekwa kufanyiwa marekebisho na haijarudi. Ni nchi yenye amani nyingi na wizara nyingi zaidi. Mkuu wake huitwa Mlezi, na watoto wote wa nchi ni watoto wake, isipokuwa wakati wa kulipa ada.

Katika mji mmoja wa nchi hiyo kuna mtaa uitwao Nyuma ya Ghala, na hapo waliishi msichana aitwaye Sikudhani na mama yake, Bi Somoe. Tangu mumewe afariki, Bi Somoe alikuwa akishona magunia yaliyotoboka ya ghala la nafaka kwa shazia, ile sindano nene inayotoboa mpaka kidole. Sikudhani alijifunza kusoma kwenye magunia hayo, kwa kuwa yaliandikwa maneno makubwa: MAHINDI, KILO MIA, HAYAUZWI. Akasoma mpaka akamaliza shule akiwa wa kwanza mkoa mzima, na Chuo Kikuu cha Taifa kikamchagua kusomea uhandisi wa maji.

Maji aliyachagua mwenyewe. Mtaani kwao palikuwa na bomba lililozinduliwa na Mlezi kwa mkono wake. Siku ya uzinduzi lilitoa maji kwa muda wote wa hotuba, na kwa kuwa hotuba ilikuwa ndefu, kila mtu alijaza ndoo zake. Hotuba ilipokwisha, maji nayo yakakoma. Sikudhani alikuwa na miaka saba. Alikaa pale bombani mpaka jua likazama, akisubiri Mlezi arudi aseme tena kidogo.

Sasa barua ya chuo ilisema nafasi yake ingeshikiliwa mpaka Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa kumi, naye aje na ada. Bi Somoe aliposomewa ada yenyewe, aliuliza kama ni ya wanafunzi wote au ya mmoja.

"Ya mmoja, mama."

"Na huyo mmoja ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

Bi Somoe akashona gunia zima.

*

Lakini serikali haikuwa imewasahau. Kila asubuhi redio ilitangaza Udhamini wa Mlezi kwa Watoto wa Wanyonge, nafasi moja kwa kila wilaya, na mtangazaji alilitamka neno wanyonge kwa mapenzi makubwa, kama mtu anayetaja chakula anachokipenda.

Fomu ilikuwa na kurasa thelathini na moja. Swali la tisa liliuliza: "Taja sababu tatu za umaskini wako na hatua ulizochukua kujirekebisha." Sikudhani alimsomea mama yake.

"Andika baba yako alikufa," Bi Somoe akasema. "Andika magunia ya siku hizi ni ya plastiki, hayashoneki. Ya tatu waachie nafasi, wataijua wenyewe."

Swali la kumi na nne: "Je, umewahi kuwa na furaha katika miaka mitano iliyopita? Kama ndiyo, ambatisha risiti." Mwisho ilitakiwa picha ya rangi ya mwombaji akiwa na huzuni ya kiasi. Mpiga picha, mtu mzoefu wa kazi hizo, alimrudisha Sikudhani mara tatu. "Hapo umezidisha, binti," alimwambia. "Punguza. Watadhani unailaumu serikali."

Baada ya wiki tano ikaja barua yenye mihuri miwili. Kamati ya Kuhakiki Unyonge, wajumbe sita, ingefika nyumbani kwao Jumanne saa nne asubuhi. Mstari wa mwisho ulikuwa wa neno moja: Msijiandae.

Bi Somoe akaomba asomewe tena.

"Watu sita wanakuja kwangu," alisema, "halafu nisijiandae? Aliyeandika barua hii hakulelewa."

"Ndivyo walivyosema, mama. Pengine wanataka watuone tulivyo."

"Tulivyo ni watu. Watu wakijiwa na wageni wanajiandaa."

Na kwa kweli hapakuwa na mtu hata mmoja Nyuma ya Ghala aliyeona vinginevyo. Nyumbani kwao palikuwa na kigoda kimoja na benchi la miguu mitatu ambalo ulilikalia kwa kushirikiana na ukuta. Habari ilipoenea, mtaa mzima ukasimama. Mama Chausiku, jirani wa ukuta kwa ukuta, akaleta viti viwili vya plastiki na chupa yake ya chai yenye maua. Seremala Ngoda akatoa viti viwili vya mteja ambavyo rangi ilikuwa haijakauka vizuri. Kinyozi akaleta kile kiti chake kinachozunguka, akafunga duka mpaka wageni waondoke. Cha sita kilitoka kwa mwalimu mstaafu, ambaye kutwa nzima alilala kitandani kwa sababu hakuwa na kingine. Bi Somoe akachinja kuku wake wa pekee, yule aliyekuwa akitaga. Kigoda na benchi vikafichwa nyuma ya nyumba kwa aibu.

*

Kamati ilifika saa saba. Mwenyekiti wake alikuwa Bwana Mtambalike, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliyevaa suti ya kaki na kalamu nne mfukoni. Nyuma yake walifuata afisa wa afya, afisa usalama, mjumbe wa dini zote, na mwakilishi wa vijana, mzee wa miaka hamsini na minane. Mjumbe wa sita alikuwa dereva, aliyeingizwa kwenye kamati ili asikae garini peke yake.

"Ndugu wanyonge," Bwana Mtambalike alianza, na watu wa mtaa waliokusanyika mlangoni wakapiga makofi. "Mlezi hapati usingizi kwa ajili yenu. Anageuka huku, anawakumbuka. Anageuka kule, anawakumbuka. Sisi tumetumwa kuuona unyonge wenu kwa macho, kuugusa kwa mikono, na kuupima kwa vipimo vya kitaalamu, ili asije akapenya mtu mwenye nafuu akala haki ya mnyonge. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja," wakaitikia.

Wakaketi, wote sita, kila mmoja na kiti chake. Bi Somoe aliwatazama akapumua. Hapo ndipo alipomwona mtu wa saba, mwanamke mwembamba wa makamo aliyesimama karibu na mlango, daftari kubwa kifuani. Huyo alikuwa katibu wa kamati, Bi Mwajabu, na barua haikumtaja.

"Karibu mwanangu, ukae," Bi Somoe akasema.

"Nimeshakaribia, mama. Nitasimama."

"Usimame kwangu?"

"Ndivyo nilivyozoea." Bi Mwajabu akamtazama Sikudhani, akatikisa kichwa kidogo sana, mara mbili. Sikudhani alidhani mama wa watu anaona haya. Akakimbia nyumba ya nne, akarudi na kiti cha saba kichwani, kizuri kushinda vyote, chenye mto wa kitambaa chekundu. Bi Mwajabu alikaa kama mtu anayekaa juu ya miiba.

Wakala. Wakamsifu kuku. Mwakilishi wa vijana aliomba paja la pili kwa niaba ya vijana. Walipomaliza kunawa, Bwana Mtambalike akasimama, akazungusha kidole chumbani polepole huku midomo ikicheza, akamnong'oneza katibu neno moja. Bi Mwajabu akaandika bila kuinua macho.

Majibu yalikuja haraka, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtia mtu wasiwasi. "Tunafurahi kukujulisha," barua ilisema, "kwamba wewe si mnyonge. Wizara inakupongeza kwa hatua hiyo."

*

Udhamini wa wilaya ile alipewa kijana Fadhili, mtoto wa dada yake Waziri. Msidhani palikuwa na upendeleo. Kamati ilikwenda kwao kama ilivyokwenda kwa wengine, ikakuta nyumba ya vyumba kumi na kimoja isiyo na kiti hata kimoja, kwa kuwa masofa yalikuwa bado melini yakitoka ng'ambo. Wajumbe walikula wamesimama. Inasemekana afisa wa afya alitokwa machozi.

Siku ya kukabidhi, Sikudhani alipata mwaliko rasmi wa kusema maneno machache kwa niaba ya wenye nafuu. Mwaliko wenyewe uliletwa na askari. Akapanda jukwaani, akasoma karatasi aliyopewa: "Sisi tuliojaliwa tunawapongeza ndugu zetu wanyonge." Fadhili akampa mkono na kumwambia asante, na kusema kweli alisema kwa moyo, maana alikuwa kijana mwenye adabu. Sikudhani alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ya uwanja ule ilikuwa imesakafiwa kwa ajili ya sherehe.

Jioni ile alimkuta mama yake amekaa kwenye kigoda, shazia mkononi, hashoni.

"Nimekuharibia, mwanangu," Bi Somoe akasema. "Seremala amesikia mjini. Eti walikuwa wanahesabu viti. Nimekuharibia kwa viti vya watu."

Sikudhani alikuwa na hasira naye siku nyingi, hasira ambayo hakuwa na mahali pa kuiweka. Alipomwona vile ikamtoka yote, na pakabaki uchungu mtupu.

"Ungefanyaje, mama?"

"Ningewakalisha chini?" Bi Somoe aliuliza, na lilikuwa swali la kweli. Akaichomeka shazia katika gunia. "Hapana. Nisingeweza. Hata wangeniambia, nisingeweza."

Kesho yake Sikudhani alikwenda kukata rufaa.

*

Afisa Rufaa alikuwa na chumba kizuri chenye feni na saa mbili za ukutani, kila moja na majira yake.

"Rufaa yako tumeipokea kwa furaha," alisema. "Itasikilizwa."

"Lini, mzee? Nafasi yangu ya chuo mwisho wake ni Ijumaa hii."

"Nafasi haina shida. Ukikata rufaa, nafasi inashikiliwa kiroho. La muhimu ni faili. Faili, binti, ni kitu chenye uhai. Likikaa bila mwenyewe hapa ofisini, linafariki. Likifariki, hatuna ofisi ya kufufua."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Ujitolee. Utumikie Kamati mpaka rufaa yako isikilizwe. Hakuna malipo, lakini watu wa Kamati hulishwa huko wanakokwenda. Ukiondoka, faili limefariki. Ukikosea hesabu, limefariki. Ukitoa siri ya kanuni, limefariki, na wewe utafikishwa panapohusika."

"Kanuni ni siri?"

"Sharti ziwe siri. Watu wakizijua si watazifuata?"

Sikudhani alitazama mlango. Ulikuwa wazi kabisa, na hakuna aliyemzuia. Nje kulikuwa na magunia, na bomba kavu. Akatia saini.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa kumi ilimkuta akipanga mafaili. Ilipogonga saa kumi, moja ya zile saa za ukutani kabla ya nyingine, alijua kwamba kule chuoni jina lake lilikuwa linafutwa, hata kama kiroho lilikuwa bado lipo.

*

Aliyemkabidhi kazi alikuwa Bi Mwajabu mwenyewe. Alikuwa anaondoka. Rufaa yake ilikuwa imesikilizwa hatimaye.

"Ukashinda, dada?"

"Nimeshinda. Wamekubali kwamba nilikuwa mnyonge." Bi Mwajabu alikuwa anafunga kikombe chake katika kanga. "Ila udhamini mwisho wake ni umri wa miaka ishirini na tano. Nilipoanza hapa nilikuwa na ishirini na mmoja. Sasa nina thelathini na tisa."

Bi Mwajabu akafunga mlango, akashusha sauti.

"Kwenu nilikataa kukaa."

"Tulidhani unaona haya."

"Kikomo ni sita. Viti sita, mnyonge. Saba, mwenye nafuu. Barua inasema wajumbe sita, na mwanamke yeyote wa nchi hii, hata awe hana kitu, atatafuta viti sita. Kisha wanakuja saba." Akampa daftari. "Katibu haitwi kwa ajili ya kuandika. Mwenyekiti anajua kuandika. Katibu anaitwa ili awe mtu wa saba."

"Nani aliyebuni jambo hili?"

"Mtu aliyelelewa vizuri," Bi Mwajabu akasema. "Lazima alilelewa vizuri, ndiyo maana anatujua." Akachukua kikombe chake, akaenda zake.

Sikudhani alilala na maneno hayo, akaamka nayo. Akaapa moyoni kwamba yeye hatakuwa mtu wa saba. Alikuwa wa kwanza mkoa mzima. Asingeshindwa na kiti.

*

Nyumba ya kwanza aliyotumwa ilikuwa ya mjane mmoja muuza mboga, katika mtaa wa Machinjioni. Binti yake, Zamda, alikuwa amechaguliwa kusomea ukunga. Hata kabla gari halijasimama, Sikudhani aliviona mlangoni, viti sita vya sura sita, kimoja cha ofisi, kimoja cha watoto, vyote vimepanguswa. Moyo ukamlipuka kwa furaha. Sita. Huyu binti amepita.

"Mheshimiwa, mimi nitabaki garini," alimwambia Bwana Mtambalike. "Tumbo linanisumbua."

"Pole sana, Katibu," Mwenyekiti akasema kwa huruma ya kweli. "Baki tu."

Akabaki, vioo vimefungwa, ameinama asionekane. Aliisikia hotuba: anageuka huku, anawakumbuka. Alisikia makofi, kisha vyombo. Alianza kuhesabu dakika. Ndipo kikagongwa kioo cha gari, na hapo alisimama yule mjane, kanga mpya kiunoni, uso wote wasiwasi.

"Mwanangu, wamesema kuna mwenzao anaumwa garini. Juani hivi? Njoo ndani."

"Nashukuru mama. Huku kunanitosha."

"Kwangu hakuachwi mgonjwa nje. Njoo, nimekuchemshia chai ya tangawizi."

"Mama, tafadhali," Sikudhani akasema. "Nakuomba. Niache hapa." Alitaka kusema zaidi. Aliona afisa usalama amesimama mlangoni akichokonoa meno, akimtazama yeye.

Mjane akafungua mlango wa gari, akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa na mikwaruzo ya kufunga mafungu ya mchicha, na ulimshika Sikudhani kwa nguvu zile zile ambazo Bi Somoe alikuwa akimshika nazo utotoni akiwa na homa. Akaenda.

Ndani akakaa chini upesi, kwenye mkeka, miguu ameikunja. "Hapa ndipo panaponifaa," alisema. "Nikiumwa tumbo hukaa chini."

Bwana Mtambalike alikunywa chai yake, akatazama dari. Mjane aliutazama mkeka, akawatazama watu wa mtaa waliojaa mlangoni, na Sikudhani akaiona aibu ikipanda usoni mwake: katibu wa serikali, mgonjwa, amekaa chini nyumbani kwake mbele ya majirani.

"Zamda," akaita kwa sauti ndogo. "Kimbia kwa mama Tausi."

"Usikimbie," Sikudhani akasema.

Lakini Zamda alikuwa ameshatoka. Alirudi akihema na kutabasamu, kiti kichwani, kiti cha mbao chenye mikono. Akakiweka, akakipangusa kwa ncha ya kanga yake mwenyewe. "Karibu dada," alisema. "Hiki hakiumizi mgongo."

Watu wote wakamtazama. Akakaa.

Chai ilikuwa na tangawizi nyingi na sukari nyingi, ile sukari anayowekewa mgeni tu. Wajumbe wakanawa. Bwana Mtambalike akainuka, akazungusha kidole chumbani, midomo ikicheza, ila safari hii hakunong'ona neno. "Katibu," alisema, "andika unachokiona."

Sikudhani alifungua daftari. Akawaza juu ya faili lake kule ofisini, hai, likimsubiri. Akaandika kwa herufi zilizonyooka: sita.

Mwenyekiti aliinama begani mwake, akasoma. Hakukasirika. Aliweka mkono juu ya bega lake kama baba.

"Wageni wote hukosea mara ya kwanza," alisema taratibu, "na mara ya kwanza tunasamehe. Hicho ulichokikalia hujakihesabu."

Akampa moja ya kalamu zake nne. Sikudhani alikata sita, akaandika saba. Kisha akainua kikombe akanywa chai yote mpaka chini, kwa sababu yule mama alikuwa anamwangalia.